Baragumu Lililolia Peke Yake

Vumbi lilitangulia. Barabara ilikuja baadaye sana, na anayebisha aje nimwonyeshe migomba ya dada yangu, maana majani yake tuliyafuta kwa kitambaa chenye maji kila asubuhi, mwezi mzima, kabla mtu yeyote hajatamka neno barabara. Vumbi jekundu, laini, la nchi nyingine. Udongo wetu sisi ni mweusi na mvua haitunyimi. Tukaambizana labda ni upepo, labda ni moto wa huko mabondeni, labda ni macho yetu tu. Kisha kuku wa Mama Elinasi akakutwa kwenye njia ya miguu, mbavu zimebonyea, alama ya tairi imempita mgongoni. Gari la karibu kabisa lilikuwa mwendo wa siku mbili. Tulimzunguka yule kuku tukamtazama, hakuna aliyetaka kumpika. Mimi ndiye niliyemzika, kwa sababu hapa kila kazi isiyo na mwenyewe huwa yangu.

Naitwa Senzia. Mimi ni mtunza baragumu wa kijiji hiki, kazi niliyorithi kwa mjomba, na mjomba kwa mjomba wake, na huko nyuma zaidi sipendi kwenda kwa sababu nikifika nasahau kama mimi ndiye mpwa au ndiye mjomba. Msinicheke. Kwetu siku hazijipangi mstari. Unaamka una miaka sitini, unanawa uso una minane, na mtu pekee anayeniita kwa sauti ileile siku zote ni dada yangu Nakijwa, aliyenibeba mgongoni mama alipofariki. Basi nikisema niliogopa, mjue niliogopa kwa ajili ya nani. Si kwa ajili ya kijiji. Kijiji kina watu wake wa kukiogopea. Niliogopa kwa ajili ya nyumba moja ya udongo yenye upenu mfupi upande wa mashariki. Chini ya upenu ule, mahali matone ya mvua yanapochimba kijifereji, amelala mtoto wa Nakijwa. Aliishi siku tatu. Mtoto asiyewahi kupewa jina kwetu huzikwa upenuni, na wanawake peke yao, ili maji ya paa yamwogeshe, na mama yake hahami nyumba hiyo mpaka naye afe. Nakijwa ana miaka themanini, kama leo ni leo, na hajawahi kulala kwingine hata mara moja.

Mpimaji wa barabara alikuja na ukungu. Mama Elinasi alisema ni kijana mwembamba. Mbazi, mwenyekiti wetu, akasema la, ni mzee mwenye kitambi. Mimi nilimwona mtu wa makamo mwenye kovu kidevuni, nikajishika kidevu changu, nikakuta kovu lipo. Alipigilia vigingi vyenye kitambaa chekundu kuanzia mlima wa huku hadi mlima wa kule, na kila mlango uliokuwa kwenye njia ya vigingi akaupiga alama ya mkato kwa rangi. Mlango wa Nakijwa ulikuwa wa mwisho. Rangi ilichuruzika ukutani mpaka ikafika upenuni, na dada yangu, nikimshika kwapa, akaimwagia majivu.

Tukaitwa mkutano uwanja wa shule. Watu walikaa chini, mpimaji akapewa kiti.

"Mheshimiwa," Mbazi alianza, "hiyo barabara inatoka wapi?"

"Inatoka."

"Na inakwenda wapi?"

"Inakwenda."

Watu wakaguna. Mama Elinasi akajifunga kanga kiunoni akasimama. "Baba, tuambie la maana. Mfereji wetu ukikatwa pale juu, tangawizi yote ya huku chini inakufa. Hilo mmelitazama?"

"Limezingatiwa."

"Mbuzi watavukia wapi?"

"Wamezingatiwa."

"Na watoto wakienda shule, na magari yenyewe ndiyo hayo yanaua kuku kabla hayajafika?"

"Wamezingatiwa," alisema mpimaji, na hata kuku hakuuliza ni kuku gani.

Nikasimama. "Na mtu aliyezikwa upenuni?"

Akapekua karatasi zake. Alipekua kwa muda mrefu, kwa adabu, akilowesha kidole kwa ulimi. "Kaburi lina namba?"

"Hana hata jina, atakuwa na namba?"

"Basi hayumo, mzee wangu," akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulionitia baridi ya mifupa. Mtu akikufokea unajua yuko wapi. Huyu alikuwa hayupo popote, na bado ndiye aliyekuwa akiamua nani yumo na nani hayumo.

Tukakataa. Nataka ijulikane kwamba tulikataa, na kwa kauli moja. Mbazi alisema, "Mashine zenu haziwezi kupanda mlima huu mpaka mikono ya watu ifungue njia kwanza. Mikono yenyewe ndiyo hii. Hakuna jembe la hapa litakaloinuka." Wanawake wakapiga vigelegele. Mpimaji hakukasirika. Alifunga karatasi zake, akanifuata mimi, akaniomba maji ya kunywa.

Sasa nimefika kwenye kosa, na kosa ni langu, msimtafute mwingine. Yule mtu alikunywa maji barazani kwangu, akaitazama pembe ya tandala iliyotundikwa ukutani, baragumu lenyewe, akasema, "Nimesikia nyinyi ni watu wa umoja. Mnaitanaje kazini?" Nami, mtu mzima na mvi zangu, nikavimba kichwa. Nikamweleza kila kitu. Nikamweleza kwamba baragumu likilia huulizi nani kapuliza. Huulizi ni kazi ya nini. Unachukua jembe lako unatoka, na maswali unayauliza hukohuko kazini, jasho likishatoka. Babu zetu waliona kwamba mfereji ukibomoka, watu wakianza kuulizana nani na kwa nini, maji yanakuwa yameshapotelea bondeni. Kwa hiyo wakatuondolea swali, na walituondolea kwa nia njema. La mgambo likilia kuna jambo, wakasema, na jambo lenyewe utalikuta mbele ya safari. Anayebaki nyumbani hatozwi faini wala hatukanwi, ila hasalimiwi. Mkataa wengi ni mchawi. Wasiohesabiwa ni mgonjwa, mwanamke aliyejifungua karibuni, na mzee aliyeishiwa miguu, kama dada yangu. Niliyasema yote hayo kwa majivuno, na yule mtu akawa anaandika. Nilipomaliza akanishukuru kama anavyoshukuru mtu aliyepewa ufunguo.

Siku tatu baadaye, asubuhi, ukungu ukiwa bado mlangoni, baragumu likalia.

Nisikilizeni vizuri hapa. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nakunywa uji. Pembe ilikuwa ukutani mbele yangu, kamba yake imetulia, hakuna mdomo uliokuwa karibu nayo. Niliitazama ikiwa kimya huku nikiisikia ikilia nje, mlio wa mjomba kabisa, mrefu, wenye kale kamkato katikati ambako ni mimi na yeye tu tunaokaweza. Nikasema, "Ala! Nani huyo?" Lakini nilipokuwa nasema, mkono ulishaweka bakuli chini. Mguu ulishavuka kizingiti. Jembe lilikuwa begani.

Mguu huu ni wa nani? Wangu. Nani aliuambia utoke? Si mimi. Kama si mimi, basi yupo mtu mwingine ndani yangu, anayekaa karibu na masikio kuliko ninavyokaa mimi, na hodi zote huitikia yeye. Je, alizaliwa nami? Au niliwekewa nikiwa mgongoni kwa dada yangu, tukishuka naye kazini? Na wakati mimi nasema sitaki mbele ya mkutano, yeye alikuwa wapi? Alikuwa anasikiliza tu. Anangoja aitwe.

Tulilima. Ukungu ulikuwa mzito hata humwoni mtu wa tatu kutoka kwako, unasikia tu majembe, twaa, twaa, na pumzi. Mtu akaanzisha wimbo wa kazi tukaupokea. Naona aibu kusema, lakini palikuwa na raha. Jasho likatoka, na sasa ilikuwa ruhusa kuuliza, nikamwuliza mtu wa kushoto kwangu, "Ndugu, leo tunachimba nini?" Akasema, "Nilidhani wewe unajua." Alikuwa mjomba wangu, aliyefariki mwaka wa njaa. Sikushangaa, nilimwambia tu asogee, ananibana. Kulia kwangu palikuwa na msichana nisiyemjua, mwenye nguo za namna ambayo haijashonwa bado, naye akaniita babu. Kisha jua likapasua ukungu, tukaona. Tulikuwa tumesimama kwenye mstari wa vigingi. Nyuma yetu barabara ilikuwa imelala, pana, nyekundu, na shamba la tangawizi la Mama Elinasi lilikuwa limekatwa katikati, mizizi imetapakaa juu. Mama Elinasi mwenyewe alikuwa ndani yake, jembe mkononi.

"Nimelilima mwenyewe," alisema. Akakaa chini. "Jamani, nimelilima mwenyewe kwa mikono yangu." Hakulia. Angelia ingekuwa nafuu.

Ndipo macho yote yakanigeukia mimi.

"Senzia," Mbazi akasema, "wamekupa nini?"

"Sijapuliza, mwenyekiti. Naapa kwa kaburi la mama."

"Pembe iko kwa nani?"

"Iko kwangu."

"Basi!"

Nikawapeleka kwangu, nikaitungua pembe ukutani mbele yao, nikaijaza udongo mbichi wa mfinyanzi mpaka mdomoni, nikaifunga kwa gunia na kuizamisha chini ya mahindi ghalani. Mbazi akashuhudia. Kesho yake likalia. Watu waliziba masikio kwa pamba na nta, wakatoka hivyohivyo na pamba zao. Mbazi, mtu wa msimamo, akajifunga kwa kamba kwenye nguzo ya nyumba yake na kumwapisha mkewe asimfungue. Baragumu lilipolia, mkewe alimtazama akihangaika pale, akaona haya kwa majirani, akamfungua. "Ulitaka tusisalimiwe?" alimwuliza baadaye. Mkutano ulikaa kila jioni tukakataa upya kwa kauli moja, na vigelegele juu. Kila asubuhi tukaenda. Wiki ya pili watu wakaanza kusema labda ni sisi wenyewe tulioomba barabara, ila tumesahau. Wiki ya tatu walikuwepo waliokumbuka siku tuliyoiomba, na hali ya hewa ya siku hiyo, na nguo niliyovaa mimi nikitoa hoja.

Nilikuwa nahesabu hatua. Kila jioni nilitembea kutoka mwisho wa udongo mwekundu hadi mlangoni kwa Nakijwa. Mia nne. Mia mbili na sitini. Mia. Siku nilipohesabu arobaini, niliingia ndani nikamkuta amelala kitandani kwake, miguu yake imefunikwa blanketi, miguu ambayo kwa miaka tisa haikuwahi kumsimamisha bila mtu wa kumshika kwapa.

"Una harufu ya udongo," aliniambia.

"Nisamehe, dada."

"Umenikosea nini? Una miguu mizima, unaitwa unakwenda. Mimi yangu ilikufa, ndiyo maana mlio ule unanipita tu. Nausikia kama mtu anayemwita mwenzake." Akacheka kidogo, meno hana. "Kijiji kizima mna miguu ya kuazima. Aliye huru ni kilema peke yake. Makubwa haya!"

"Dada, kubali nikubebe. Twende kwangu."

"Na yule?" Akaelekeza kidevu ukutani, upande wa mashariki.

Nikautazama ukuta ule.

"Sikumtazama sana usoni, unajua," akasema. "Niliambiwa nisimtazame, nitamzoea. Nikatii. Siku tatu nzima namnyonyesha nikitazama paa. Ulikuwepo wewe, ulikuwa kadogo, ulikuwa unaniuliza anafananaje, nami nakwambia tazama wewe uniambie. Ukaniambia anafanana na mimi. Kumbe hata hilo nimelipata kwa mdomo wako." Akanishika mkono, na mkono wangu ndani ya wake ulikuwa wa mtoto wa miaka minane, na kucha zina tope. "Senzia, mdogo wangu. Sitakuomba kitu kingine tena. Wasimfikie."

"Hawatamfikia."

"Sema tena."

"Hawatamfikia, dada. Mimi nipo."

Nilitoka pale moja kwa moja hadi ghalani. Nikafukua mahindi, nikafungua gunia, nikaitoa pembe na kuichokoa udongo kwa kijiti, nikaiosha mferejini, kwenye yale maji machache yaliyobaki. Niliwaza hivi: mlio usio na mwenyewe unaweza kushindwa na mlio wenye mwenyewe tu. Walikuwa wanaitwa na mtu ambaye hayupo. Mimi nipo. Nitasimama mbele ya upenu, nitapuliza kwa pumzi yangu mwenyewe, wataniona kwa macho, na wote watakumbuka kwamba kuna siku tulisema hapana. Niliamini. Mpaka sasa naona lilikuwa wazo zuri, na hilo ndilo linalonitesa.

Kesho yake walikuja mchana, safari hii jua la utosi, bila ukungu. Mlio ulitokea upande wowote uutakao. Nilikwishajua mguu wangu, kwa hiyo nilikuwa nimeuingiza kwenye shimo nililolichimba mbele ya nyumba ya Nakijwa na kuushindilia udongo mpaka gotini. Ulivuta. Mfupa uliuma, ukavuta tena, nikauzuia. Nikawaona wanakuja wamepanga mstari, Mbazi katikati, Mama Elinasi pembeni yake, na wengine nyuma, waliokufa na wasiozaliwa, uso wao wote ni mmoja, uso wa mtu anayewahi kazi asikutwe hayupo. Mpimaji alisimama kando, ana kovu langu kidevuni, anaandika. Arobaini. Thelathini. Niliogopa jamani. Nimewahi kuogopa chui na nimewahi kuogopa njaa, lakini hao hutaka kitu kutoka kwako. Wale watu walinipenda na hawakutaka chochote. Mbazi alinikonyeza kwa kunisalimu alipoinua jembe.

"Mbazi!" nikapiga kelele. "Kaka, simama! Ni kwa Nakijwa hapa!"

"Tunajua," akajibu huku akihema. "Pole yake. Tutaulizana tukimaliza."

Ishirini. Nikainua pembe. Nikavuta pumzi mpaka mbavu zikalia, na nikiwa na pumzi hiyo kifuani ndipo nilipojiuliza ni mlio gani huo wa kuwaambia waache. Mjomba alinifundisha mlio mmoja. Mjomba wake alimfundisha mmoja. Hakuna aliyewahi kuhitaji wa pili. Lakini pumzi ilikuwa imeshaingia na majembe yalikuwa hatua kumi, na hakuna kitu kingine nilichojua kukifanya kwa kinywa changu.

Nikapuliza.

Wakasimama. Namshukuru Mungu kwa ile nukta moja, kwa sababu wakasimama kweli, wote, majembe juu, wakanitazama, nikadhani nimeshinda. Kisha Mbazi akatabasamu kwa nafuu kubwa, tabasamu la mtu aliyekuwa na shaka siku nyingi. "Kumbe ni wewe," akasema. "Bora tujue." Akawageukia wenzake, "Ni Senzia, jamani, twendeni!" na majembe yakashuka kwa nguvu ambayo sijaiona tangu siku ya kwanza.

Nyuma yangu kitanda kikalia. Kisha nyayo sakafuni, polepole, zikitafuta. Nikageuza shingo, mguu ungali ardhini. Nakijwa alikuwa mlangoni. Amesimama peke yake, hakuna mtu kwapani, miguu ile miwili mikavu inatetemeka, na mkononi ana jembe lake la zamani lililoliwa na kutu hadi nusu.

"Rudi ndani, dada," nilitaka kusema.

"Ule mwingine ulikuwa unanipita," akaniambia, uso umemkunjuka, macho yanang'aa kama ya mtu aliyekumbukwa. "Nikasema hao wanaitana wenyewe. Lakini huu ni wewe. Nimekubeba mgongoni mimi, nitaacha kuijua pumzi yako? Umeniita, mdogo wangu, nikae?"

Akashuka kizingiti. Akazunguka upande wa mashariki akishika ukuta, mpaka upenuni, akatengeneza miguu, akatema mate viganjani kama tulivyofundishwa.

"Nianzie hapa?" akauliza.

Hakuna neno nililotaka kulisema katika maisha yangu yote zaidi ya lile moja, hapana. Lakini mdomo wangu ulikuwa bado kwenye pembe, na pumzi ilikuwa haijaisha, na Nakijwa, kwa kunitii mimi, akainua jembe.